VIKOPE SI URITHI MTUPU



Tumezoea kusema, "Macho mabovu ni ya ukoo ule." Basi tuelewane. Urithi una sehemu yake: mwaka 2009 wataalamu waliochunguza mapacha huko Gambia walionyesha hivyo. Miili haipambani na kijidudu cha vikope sawasawa. Wawili huambukizwa, mmoja hupona, mwingine hubaki na makovu, kope zikageuka ndani zikakwaruza jicho hadi upofu.

Lakini kijidudu chenyewe hakirithiwi. Hupita kwa mikono, kitambaa kimoja na nzi. Ziwa tunalo, tuwanawishe watoto uso kila siku. Mwenye kope zinazochoma aende Hospitali ya Maweni mapema, asizing'oe tu nyumbani.

Ukoo hatuuchagui, kunawa twaweza.