Gari Lisilolala: Lugha ya Mafundi na Utambuzi wa Hitilafu katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Kigali na Bujumbura hupita Kahama, huingia Wilaya ya Biharamulo na kufika Nyakanazi, kisha Lusahunga, ambako njia ya Biharamulo mjini na Bukoba huachana na ile ya Ngara. Mbele zaidi, karibu na Benaco, hugawanyika tena: tawi moja huelekea Rusumo, mpakani na Rwanda, na jingine Ngara mjini na Kabanga, mpakani na Burundi. Jina Benaco lenyewe lilitokana na kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka Rusumo kwa muda wa takriban siku moja, kambi yao ilibeba jina hilo, na mkandarasi akasahaulika ndani ya jina la mahali. Wanaosikitika kwamba majina ya vipuri vya magari ni ya kigeni yafaa waikumbuke historia hiyo kabla ya kutoa hukumu.

Mhadhara huu unahusu kipuri kimoja tu, ambacho bado hakijapata jina lililotulia katika Kiswahili. Ni kisanduku cha kielektroniki ambacho aghalabu hufichwa chini ya dashibodi, jirani na fyuzi, nacho husimamia taa, indiketa, waipa, honi, vioo vya milango, kufuli na, katika magari mengi, utambuzi wa ufunguo. Watengenezaji wengi hukiita moduli ya kudhibiti bodi. Vitabu vya ufundi vya Toyota, ambayo magari yake yaliyotumika Japani yamejaa barabara za Kagera, huwa na jina jingine lenye maana ya kompyuta ya bodi. Fundi wa Kitanzania hutumia neno pana zaidi: kontrol boksi. Neno hilo hutumika pia kwa kompyuta ya injini, na hapo ndipo gharama za mwenye gari huanza.

Tatizo la kwanza limo katika neno ‘bodi’. Katika Kiswahili cha ofisini, bodi ni baraza la wakurugenzi. Katika gereji, bodi ni bati la gari, na fundi bodi ni yule anyooshaye bati lililobonyea na kulipaka rangi. Mteja akiambiwa kwamba ‘bodi ina matatizo’, huelewa kwamba gari lina kutu au liligongwa. Akiambiwa ‘kontrol boksi imekufa’, huelewa injini. Ugawaji wa kazi katika gereji (fundi injini, fundi umeme, fundi bodi) ulifanywa kabla ya kifaa hiki kuja, nacho hakikai sawasawa katika fungu lolote. Jina baya halikosi adabu ya lugha tu. Hulipeleka gari kwa fundi asiyehusika.

Istilahi ‘kidhibiti bodi’ ingekidhi kanuni za uundaji. Kiambishi ki- hutaja chombo, kama katika kifaa na kipimo, ilhali mdhibiti ni mtu, tena mwenye cheo serikalini. Hata hivyo, istilahi hiyo ingeurithi utata wote wa ‘bodi’. ‘Kidhibiti vifaa vya ndani’ ni refu na si sahihi, kwa kuwa taa kubwa na waipa haziko ndani. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limesanifisha istilahi za fani nyingi. Lakini neno la gereji husanifiwa kwanza na mtu aliyelala chini ya gari, na yeye hasubiri kikao.

Tatizo la pili ni la kina zaidi, nalo linagusa sarufi. Katika gari la zamani, mkondo wa umeme ulitoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi na swichi, ukafika kwenye taa. Kusema kwamba ‘swichi inawasha taa’ kulikuwa kueleza ukweli wa kifizikia: taa inawaka, swichi inaiwasha, na kauli ya kutendesha inamtaja mtendeshaji halisi. Katika gari lenye moduli, swichi hupeleka ujumbe tu. Moduli huupokea, huamua, kisha huruhusu mkondo upite. Ujumbe kati ya moduli mbalimbali husafiri aghalabu katika nyaya mbili zilizosokotwa, kwa utaratibu ambao kampuni ya Bosch iliutangaza mwaka 1986. Swichi sasa inaomba, na mwashaji ni mwingine. Fundi anayeendelea kufikiri kwa sentensi ya zamani huunganisha waya wa moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye taa. Taa huwaka, mteja hulipa, na hitilafu hubaki palepale.

Yafaa kukaa kidogo kwenye maneno ambayo mteja humweleza fundi, kwa sababu utambuzi huanzia hapo. ‘Taa zinazimika’, ‘taa zimezimika’ na ‘taa huzimika’ ni sentensi tatu zenye magonjwa matatu. Ya kwanza inataja jambo linaloendelea na linaloweza kupimwa papo hapo. Ya pili, jambo lililokamilika. Ya tatu, hitilafu ya kuja na kuondoka, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote na ambayo mara nyingi hutokana na kiungio kilicholegea au maji yaliyopenya chini ya kioo cha mbele. Mashine ya kusomea gari nayo hutofautisha hitilafu iliyopo na ile iliyohifadhiwa kumbukumbuni, karibu kama ambavyo viambishi vya njeo hufanya. Sasa dereva atokaye mashariki ya Kongo hana mazoea ya hu-. Mazoea huyaonyesha kwa kiishio, akasema ‘inazimikaka’. Fundi wa Lusahunga asiyejua lahaja hiyo husikia ‘inazimika’, hubonyeza swichi, huona taa inawaka vizuri, na kumwambia dereva kwamba gari ni zima.

Msamiati wa vipuri nao huchanganya. Katika Kiswahili cha Kongo, ‘motere’ ni injini, kutokana na Kifaransa. Nchini Tanzania, ‘mota’ ni ile ndogo ya umeme inayoendesha waipa au kioo cha mlango. Mkoani Kagera, ambako Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa karibu wa Kirundi, wenyeji wengi huvuka mipaka hii ya lugha bila kuijali. Kinachowakwamisha ni maneno mawili yanayofanana sana katika Kiswahili chenyewe.

Utambuzi wenyewe una utaratibu. Fundi hodari huihukumu moduli mwisho kabisa. Huanza na betri, ambayo ikiwa imejaa na imetulia huonyesha volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka hupanda hadi baina ya 13.5 na 14.5, kwa kuwa betri dhaifu huweza kuiga karibu kila dalili ya moduli mbovu. Kisha hukagua fyuzi na waya wa ardhini. Upotevu wa volti katika waya huo, kifaa kikiwa kinafanya kazi, haupaswi kuzidi takriban 0.1. Katika mtandao wa nyaya mbili, betri ikiwa imefunguliwa, mita husoma omu 60 hivi, kwa sababu kila ncha ina kizuizi cha omu 120 na viwili hivyo hufanya kazi sambamba. Ikisoma 120, ncha moja imepotea. Misimbo inayotolewa na mashine hutanguliwa na herufi: P kwa injini na mfumo wa kuendesha gari, C kwa chasisi, B kwa bodi, U kwa mawasiliano baina ya moduli. Msimbo wa B hausemi kwamba moduli imekufa. Husema tu kwamba moduli imeona jambo lisilo la kawaida.

Mfano mzuri ni gari ‘linalokula betri’ usiku. Gari likifungwa, moduli hulala baada ya muda, wakati mwingine nusu saa au zaidi, na mkondo hushuka, kwa kawaida chini ya miliampia 50. Usiposhuka, fundi huzifuatilia fyuzi moja moja. Akiitoa ile ya moduli na mkondo ukashuka, kishawishi cha kutangaza kwamba moduli ni mbovu huwa kikubwa. Lakini huenda swichi ya mlango inaiambia moduli kwamba mlango u wazi, nayo inakesha kwa utiifu. Kitenzi ‘kulala’ kimeingia hapa bila mkutano wa istilahi, nacho kinamsaidia fundi kuuliza swali lililo sahihi: ni nani anayeiamsha? Ni pale tu umeme unapoingia vizuri, ardhini pakawa pazima, ujumbe ukafika, na amri isitoke, ndipo moduli huweza kuhukumiwa.

Kosa katika hatua hii ni ghali. Moduli haipatikani dukani Ngara; huagizwa Mwanza au Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mpakani, na lazima namba yake ya kipuri ilingane na ya zamani. Fundi hufungua ncha hasi ya betri na kusubiri angalau sekunde 90, kwa usalama wa mifuko ya hewa, kabla ya kugusa viungio. Tofauti ambayo walimu wa sarufi huisisitiza hupata kazi hapa: kifaa hubadilishwa, mipangilio hubadiliwa. Anayebadilisha kifaa bila kubadili mipangilio huweza kupata gari ambalo taa zake zinawaka na injini yake inakataa, kwa kuwa moduli iliyotolewa katika gari jingine bado inazikumbuka funguo za mmiliki wake wa kwanza. Funguo hizo ziko mbali, pengine Japani. Zilizo mkononi mwa mteja wa Biharamulo hazina budi kusajiliwa upya kwa mashine, moja baada ya nyingine, huku zote zikiwapo; ufunguo uliosahaulika nyumbani siku hiyo, katika magari mengi, hautaliwasha gari tena hadi urudishwe kwenye mashine.