Kopo Kwenye Dirisha la Ofisi ya Walimu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, katika bwalo la chakula)



Niliombwa niseme juu ya maendeleo ya sayansi. Somo hilo ni kubwa kuliko mimi. Nitasema juu ya kopo moja la bati.

Mwaka 2006 nilikuwa nafundisha Fizikia katika sekondari moja ya milimani. Ng'ambo ya bonde, yapata mita 900, kilikuwapo chuo cha wauguzi chenye intaneti ya setilaiti, na wenyewe walikubali tuchangie gharama tuitumie pamoja. Sisi tulikuwa na kompyuta moja yenye kadi ya mtandao usio na waya, ile inayochomekwa ndani ya kasha, na nyuma yake hutokeza antena ndogo kama kidole. Kidole kile hakikunasa kitu, kwani ukuta wa mawe ulikizuia. Basi nikasimama katika kikao nikajigamba kwamba nitatengeneza antena ya nje kwa mikono yangu. Walimu kumi na mmoja wakatoa fedha mfukoni, na mshahara ulikuwa bado kutoka.

Nilichukua kopo la rangi la lita 4, kwa imani kwamba kikubwa hushika zaidi. Nikalipandisha juu ya paa, nikavuta waya mwembamba wa mita 10 hadi kwenye kompyuta. Walimu wakakusanyika. Patupu! Mwalimu wa Historia akauliza kwa upole kama rangi ilikuwa imekwisha vizuri ndani ya kopo. Kwa wiki mbili nilikuwa napita nyuma ya maktaba nisikutane na waliochanga.

Ndipo nilipokaa chini na kalamu, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo. Mawimbi ya kadi zile, ya gigahezi 2.4, yana urefu wa kama sentimita 12 na nusu. Kopo ni mfereji wake. Kipenyo kikipungua sentimita 7 na kidogo, mawimbi hayapiti; kikizidi kama 9, huanza kujipanga kwa namna nyingine na kuvurugana. Nikazunguka jikoni na rula, wapishi wakidhani nimerukwa na akili, nikapata kopo la sentimita 8.3, refu kupita 18. Nikatoboa tundu sentimita 6.2 kutoka kitakoni, nikafunga kiungio, na ndani nikalehemu kijiti cha shaba cha sentimita 3.1, yaani robo ya wimbi. Hiyo 6.2 nayo ni robo, maana ndani ya kopo lile wimbi hurefuka hadi karibu sentimita 25.

Lakini mwizi mkubwa alikuwa waya. Waya mwembamba wa aina ile hula karibu desibeli 1 kila mita kwa mawimbi hayo. Mita 10 ni desibeli 10, maana yake inafika sehemu moja tu katika kumi. Kopo zuri haliongezi nguvu mpya. Hukusanya iliyopo kuelekea upande mmoja, na faida yake ni kama desibeli 8. Kwa hiyo hata kopo langu lingekuwa sahihi, waya ungeimeza faida yote. Nilikuwa nimetumia fedha za wenzangu kununua hasara, tena kwa mita.

Tukaihamisha kompyuta. Ilikuwa rahisi hivyo! Tuliiweka katika ofisi ya walimu, kwenye dirisha linalotazama bonde, waya ukawa mita 1. Bado kimya. Kisha nikakumbuka kwamba antena ya chuo ilisimama wima, na kijiti changu kilikuwa kimelala ubavu. Nikalizungusha kopo robo duara.

Mwalimu wa Historia ndiye aliyekaa kwanza. Binti yake alikuwa masomoni India. Alisoma barua tatu alizokuwa hajazipata, kisha akatoka nje bila kusema neno, na tangu siku hiyo hakuitaja tena rangi.

Mwaka uliofuata, 2007, Ermanno Pietrosemoli na wenzake kule Venezuela waliunganisha milima miwili kwa mtandao wa jamii hiyohiyo, umbali wa kilometa 382, wakitumia madishi makubwa. Mita zangu 900 zikanywea kidogo.

Vijana, mkijaribu, zibeni mdomo wa kopo kwa kifuniko cha plastiki, kamwe si cha bati. Mimi sikuziba, na masika yale manyigu wakajenga humo. Walioumwa ni walewale waliochanga. Kopo lenyewe nimelileta, lipo mezani karibu na kreti za soda, pamoja na rula. Anayetaka kupima aje, ila msilibonyeze.