Chumba Kimoja kwa Wote: Hotuba ya Katibu juu ya Kituo cha Pamoja cha Intaneti


Habari za miaka kumi ya Chama chetu zimekwisha kusimuliwa kwa ufasaha. Kwa hiyo sisi tutasema juu ya kazi iliyo mbele yetu, yaani ombi la kampuni tatu za intaneti za mji huu, zitakazo chumba katika jengo letu ili zijenge kituo cha kubadilishana mawasiliano.

Yafaa kwanza tueleze maana ya kituo hicho. Ofisi yetu kuu hutumia kampuni moja, na vyama vingi vya msingi hutumia nyingine. Karani apelekapo hesabu za mizani kwetu, mwendo wa saa moja kwa baiskeli, hesabu hizo husafiri kwanza mpaka Dar es Salaam, ndiko kampuni hizo zikutanako, kisha hurudi huku. Huko ni kuzunguka mbuyu, tena kwa nauli, na nauli hiyo mwishowe hulipwa na mkulima. Katika kituo cha pamoja kila kampuni huleta waya wake kwenye mashine moja iitwayo swichi, na mawasiliano ya wenyeji hukabidhiwa papo hapo.

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia. Zamani ujumbe wa kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda nyingine ya mji uleule ulipita ng'ambo kwa satelaiti, iliyo juu ya dunia kilomita zipatazo 36,000. Mwezi wa Novemba 2000 kampuni hizo zilifungua kituo chao, lakini kikafungwa upesi kwa malalamiko ya shirika la simu lililokuwa na haki ya peke yake ya mawasiliano ya nje. Waanzilishi hawakukata tamaa. Walijieleza, wakapata leseni, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena. Kwa uchunguzi uliochapishwa na Internet Society, mwaka 2012 sehemu 30 katika kila 100 za mawasiliano ya intaneti ya Kenya zilikabidhiwa nchini. Kufikia mwaka 2020 zilikuwa 70. Dar es Salaam nayo ilipata kituo chake mwaka 2004.

Katika mikutano yetu na kampuni hizo tatu, habari ya mashine ilikwisha kwa saa moja; siku zilizobaki tulizungumza juu ya chumba. Hakuna aliyekubali swichi ikae kwa mwenzake, kwa kuhofu kufungiwa mlango siku ya ugomvi. Sisi hatuuzi intaneti. Ndiyo sababu wakatujia.

Basi twapendekeza masharti haya. Kwanza, kila kampuni, kubwa au ndogo, iwe na kura moja, kama ilivyo desturi ya ushirika. Pili, kila moja ijilipie waya wake, na gharama za umeme, betri na ulinzi zigawanywe sawa. Tatu, asitozwe mtu kwa wingi wa mawasiliano apitishayo kwa mwenzake. Nne, idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano itafutwe kabla ya waya wa kwanza kuvutwa. Tano, hesabu zisomwe mbele ya wote kila miezi mitatu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako wanachama waliouliza, nao wana haki kuuliza, kwa nini tutoe ghala la magunia kwa wafanya biashara. Hatuwaahidi kwamba bili zitashuka mwezi wa kwanza, wala habari za ng'ambo hazitaacha kuja kwa njia ndefu. Lakini msimu uliopita mkongo wa kwenda Dar es Salaam ulikatika siku mbili za malipo, na wakulima wakarudi nyumbani mikono mitupu. Daftari zetu zikiwekwa katika mashine iliyo hapa hapa, na kituo kikiwapo, mkongo ukikatika tena mizani itasomeka na fedha zitalipwa.

Magunia yaweza kupata ghala jingine. Mahali ambapo kampuni tatu zishindanazo zote zapaaminia hapapatikani kwa urahisi. Twawaomba, Mkutano Mkuu ukiitwa, mje mpige kura mkiwa mmekwisha kulifikiri jambo hili.

Ushirika udumu.