Kujinyima kwa Ajili ya Mwenzi

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanaume na wanawake.)



Nimeombwa niseme juu ya sababu zinazomfanya mtu ajinyime kilicho chake kwa ajili ya mume, mke, au mchumba. Wako wanaodhani kwamba hilo ni jambo dogo, la kuimbiwa nyimbo tu. Lakini lilipata kuisumbua Serikali ya Uingereza kwa muda wa miaka minane, hata Mawaziri Wakuu watatu wakapokezana taabu ile ile.

Seretse Khama alizaliwa mwaka 1921 mjini Serowe, katika nchi iliyoitwa Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana. Baba yake alikufa yeye angali mtoto, akawa mrithi wa utawala wa Wabangwato. Baba yake mdogo, Tshekedi Khama, akautunza utawala huo kwa niaba yake. Mwaka 1947, alipokuwa akisomea sheria London, Seretse alikutana na Ruth Williams, karani wa ofisi. Walioana tarehe 29 Septemba, 1948, mbele ya mwandikishaji wa ndoa wa serikali, kwa kuwa wakuu wa kanisa hawakukubali kuwafungisha. Mume alikuwa Mwafrika na mke Mzungu, na hapo jirani Afrika Kusini ilikuwa imeanza siasa ya kuwatenga watu kwa rangi. Mwaka 1949 ilipiga marufuku ndoa za namna hiyo.

Basi deni likaanza kulipwa. Ruth aliikosa kazi yake, na baba yake hakumtaka tena nyumbani. Tshekedi naye aliipinga ndoa kwa nguvu zake zote. Mnamo Juni, 1949, watu maelfu walikusanyika barazani Serowe. Walipoulizwa ni nani wasiomtaka Seretse pamoja na mkewe, walisimama wachache tu. Walipoitwa wanaomtaka, umati wote ukainuka. Hata hivyo Serikali ilimwita London mwaka 1950, ikamwambia kwamba atapewa pauni 1,100 kila mwaka endapo ataacha utawala na kukaa Uingereza. Alikataa, naye akazuiwa kurudi kwao.

Ruth hakufuatana naye katika safari hiyo. Alihofu kwamba wakiondoka wote wawili, wote watafungiwa mlango. Akabaki Serowe, mja mzito, mbali na mama yake na mbali na mumewe, na mtoto wao wa kwanza akazaliwa katika mwezi wa Mei mwaka ule. Watu hupenda kumtaja Mfalme Edward VIII, aliyekiacha kiti chake mwaka 1936 apate kumwoa mwanamke aliyempenda. Kwangu mimi, miezi ile ya Ruth ina uzito zaidi.

Mwaka 1956 Seretse alikubali kuuacha utawala ili arudi nyumbani na mkewe, kama raia wa kawaida. Kile alichokataa kukiuza kwa fedha, alikitoa kwa hiari apate kukaa kwao pamoja na mkewe na watoto wao.

Sasa, kwa nini mtu afanye hivyo? Mwaka 2005 wataalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani walitangaza utafiti wao juu ya vijana wenye wapenzi, walioandika kila siku, kwa siku 14, mambo waliyojinyima na sababu zake. Ilionekana kwamba aliyejinyima ili amfurahishe mwenzake alikuwa na furaha yeye mwenyewe siku ile. Lakini aliyejinyima ili aepuke ugomvi, au kwa hofu ya kuachwa, alibaki na uchungu, na ugomvi aliouepuka mara nyingi ulimfuata.

Tazameni nyumba zetu. Mume yuko Nairobi, analala chumba kimoja na wenzake watatu, hanunui hata koti, ili mshahara ufike nyumbani. Mke yuko shambani, anapalilia peke yake na kuwauguza watoto peke yake. Kama kila mmoja anajua mwenzake anatoa nini, mzigo huo hubebeka. Ila mara nyingi mume huhesabu shilingi alizopeleka, wala hahesabu siku za jembe. Tena yuko mwanamke aliyeacha kazi ya ualimu kwa sababu mumewe alimwambia achague kazi au kipigo. Majirani humsifu kwamba ni mke mwenye kujinyima. Huyo hakujinyima, amenyimwa, na wanaomsifu wanamsaidia mnyang'anyi.

Seretse alikuwa Rais wa kwanza wa Botswana mwaka 1966, akafariki mwaka 1980. Mjane wake angeweza kurudi Uingereza. Alikaa Botswana mpaka alipofariki mwaka 2002, akazikwa Serowe.