Ganzi ya Mguu na Safari ya Yakobo

Asubuhi hii tutazungumza juu ya taabu iwapatayo wengi katika makanisa yetu, nayo ni ganzi ya mguu itokayo mgongoni.

Mfikirie mkulima aliyeinama ghafula akainua gunia la mahindi. Kwanza kiuno kilimwuma. Baadaye maumivu yakashuka matakoni, yakapita nyuma ya paja mpaka chini, na sasa kidole gumba cha mguu hakihisi kitu. Kila jioni anausugua mguu kwa mafuta, wala haupati nafuu. Jirani amemwambia kwamba amekanyaga kitu kilichotegwa njiani. Ndugu yangu, hakuna aliyetega kitu. Mguu wenyewe hauna kosa. Taabu iko juu, kiunoni.

Mungu ametuumba tukiwa na pingili 5 za uti wa mgongo kiunoni. Baina ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo, kigumu kando na laini katikati, ambacho madaktari hukiita diski. Kikipasuka, ule ulaini hutokeza nje na kuugandamiza mshipa wa fahamu ushukao mguuni. Ndipo mguu hufa ganzi. Jambo hili lilielezwa waziwazi mwaka 1934 na madaktari wawili wa Boston, Marekani, walioitwa Mixter na Barr.

Mnakumbuka habari za Yakobo katika Mwanzo, sura ya 32. Alishindana usiku kucha, akaguswa penye kiungo cha paja. Walimu wa Kiyahudi husema kwamba mshipa uliotajwa pale ndio huu mkubwa utokao kiunoni kwenda mguuni. Lakini angalieni: kulipopambazuka Yakobo hakulala pale Penieli. Alichechemea, lakini alikwenda, akakutana na Esau ndugu yake.

Zamani mgonjwa wa mgongo aliambiwa alale kitandani majuma mengi. Siku hizi madaktari hufundisha vingine. Pumzika siku moja au mbili ikiwa maumivu ni makali, kisha inuka utembee kidogo kidogo, na kila siku uongeze. Usikae kitini muda mrefu. Ukilala ubavu, weka mto katikati ya magoti. Ukiinua mtungi, kunja magoti, uushike karibu na kifua, wala usigeuze kiuno ukiwa na mzigo. Usikubali mtu akukanyage mgongoni eti airudishe pingili mahali pake. Wagonjwa walio wengi hupata nafuu katika majuma 6 hadi 12 pasipo kupasuliwa, ingawa ganzi yaweza kukawia kuliko maumivu.

Tena, utunze mguu usiohisi. Vaa viatu, uutazame kila usiku usije ukawa na jeraha usilolijua, wala usiuote motoni. Na ikiwa ganzi iko katika nyayo zote mbili, upimwe pia ugonjwa wa sukari. Maumivu ya mgongo yakija pamoja na homa na kukonda, usikawie kumwona daktari, kwa maana kifua kikuu nacho huweza kuingia katika uti wa mgongo.

Basi kuna wakati wa kungoja, na kuna wakati wa kukimbia. Ukiona mguu unaburuta, wala huwezi kuinua kidole gumba au kusimama kwa kisigino, mwone daktari upesi. Lakini ganzi ikishika sehemu za siri, mahali pote ambapo pangegusa kiti cha baiskeli. Au haja ndogo ikakataa kutoka, au haja ikatoka bila wewe kujua. Au miguu yote miwili ikalegea, nenda hospitali kubwa siku ile ile, hata kama ni usiku. Hapo huenda ukahitaji kupasuliwa mara moja. Ukichelewa, yaweza kuwa hasara ya maisha yote.

Nasema hivi wazi redioni kwa sababu aibu inatuharibia watu. Mtu analowa kitandani, naye anajifunga kanga ya pili na kunyamaza. Mama, mwambie binti yako. Mzee, mwambie mkeo. Mwili ni kazi ya mikono ya Mungu. Hakuna sehemu yake isiyofaa kutajwa mbele ya daktari.

Na ninyi mlio wazima, mgonjwa wa namna hii hana bandeji wala kidonda, kwa hiyo huitwa mvivu. Msimwite hivyo. Mchukulieni maji, mkatieni kuni, mpeni kiti kanisani karibu na mlango apate kusimama atakapo.

Na tuombe. Ee Bwana, uwape wagonjwa wetu saburi ya kungoja, na ujasiri wa kusema mapema. Uwatie nguvu waendao kwa kuchechemea. Amina.