Dhamana na Usalama wa Vijiji vya Rufiji

Siku moja wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu walituuliza hivi: "Mtu ameshikwa jana kwa wizi wa kuku, na leo twamwona sokoni. Polisi wana kazi gani?" Swali hilo twalisikia hata vijijini, tena kwa hasira, nasi twapenda kulijibu.

Aliyepewa dhamana hakusamehewa. Wadhamini wake wamesimama mbele ya polisi au hakimu wakasema, "Huyu twamjua, na siku ya kesi atafika." Asipofika, wao ndio watakaoulizwa. Dhamana ya polisi haina bei, na yeyote adaiye fedha ya chai ili amtoe mtu kituoni adai rushwa. Katiba yetu, katika ibara ya 13, yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosa kabla kosa halijathibitika.

Yako makosa yasiyo na dhamana, kama kuua kwa kukusudia, uhaini na unyang'anyi wa silaha. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Mwezi Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Sisi twaona ingefaa hakimu aachiwe kumpima kila mtu peke yake.

Lakini mtu wa Kibiti atatuambia, "Ninyi hamkuona tuliyoyaona." Ni kweli. Katika miaka ya 2016 na 2017 watu wenye bunduki waliwaua wenyeviti wa vijiji na watendaji katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili 2017 walilivizia gari la polisi huko Mkengeni, wakaua askari 8. Serikali ikaifanya Rufiji kanda maalum ya polisi, na pikipiki zikakatazwa kutembea usiku. Nani angethubutu kutaja dhamana siku zile?

Hata hivyo, na tufikiri. Habari za wauaji hutoka kwa watu wa kijiji: mvuvi aliyeona mtumbwi mgeni, mama aliyesikia hatua nyuma ya nyumba. Watu hao waliogopa kuuawa wakisema. Tena wengine walilalamika kwamba ndugu zao wamechukuliwa wala hawajui walipo. Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alichukuliwa Kibiti mwezi Novemba 2017 na watu wasiojulikana; hakuonekana tena. Mwenye hofu mbili hunyamaza, na ukimya wake ni pazia la mwuaji. Kwa hiyo sheria isemayo kwamba aliyeshikwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo, si kwa faida ya mshtakiwa tu. Jina likisomwa mahakamani, jamaa wajua alipo, na jirani apata moyo wa kusema.

Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipeleka taarifa kwa Rais. Mojawapo ya mashauri yake ni kwamba polisi wageuzwe kutoka jeshi wawe chombo cha huduma. Jina jipya ni jambo jepesi (kubadili kibao hakuchukui siku mbili), bali tabia ya mezani kituoni ndiyo kazi.

Tena ipo kazi nyingine, nayo ni ya delta hasa. Mdhamini hutakiwa alete barua ya mtendaji wa kijiji. Kumbukeni ni akina nani waliouawa: ni hao hao waandikao barua hizo, wamjuao kila mtu kwa jina la baba yake. Mtu wa Kiongoroni akishikwa, ndugu zake sharti wamtafute mtendaji, wangoje maji yajae, wavuke kwa mashua mpaka Nyamisati, kisha washike njia ya gari kwenda Kibiti. Wakifika jioni wakaambiwa "rudini kesho," watalala wapi? Nauli ya pili nani atawapa?