Juu ya Paa na Ngazini: Jinsi ya Kujihadhari na Kuanguka

Jioni ya leo napenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu hulitaja siku ya msiba tu, kisha wakalisahau: nalo ni kuanguka kutoka juu. Nawaambia hasa ninyi mkaao katika wilaya za Tarime na Serengeti, milimani penye kahawa na migomba, na kule chini upande wa Mugumu, Nata na Robanda. Kwani huku kwetu watu hupanda juu kila siku wala hawajioni kuwa wamepanda. Mwashi yu juu ya ukuta, seremala yu juu ya kenchi, mrina asali yu juu ya mgunga usiku wa giza, na mtoto yu juu ya mwembe tangu shule ilipofungwa.

Mtu akianguka, wengine husema siku yake ilifika. Wengine husema ana mkosi, na wengine huanza kumtafuta mtu aliyemfanyia. Sitaki kubishana na watu walio katika huzuni. Lakini mwendee fundi aliyeanguka akapona, umwulize polepole. Atakuambia kwamba ubao ule ulikuwa na ufa tangu asubuhi, au ngazi ilisimamishwa juu ya udongo uliolowa, au kamba ilikuwa ya zamani na kila mtu alijua. Basi anguko lilikuwa limekwisha tengenezwa pale chini, kabla mguu haujainuliwa.

Tena msidhani kwamba haya ni mambo ya majumba ya ghorofa katika miji mikubwa tu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na zaidi ya 80 katika kila 100 wa hao wamo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Nanyi wanafunzi, pigeni hesabu mliyofunzwa darasani: mtu aangukaye kutoka futi 10, ambacho ni kimo cha ukuta wa nyumba ya kawaida, hufika chini kabla sekunde moja haijatimia, naye hupiga ardhi kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Hana nafasi ya kushika kitu, wala ya kujigeuza kama paka.

Na tuanze na ngazi. Ngazi zetu nyingi ni miti miwili na vipago vilivyopigiliwa misumari. Msumari mmoja ukilegea, kipago huzunguka chini ya mguu. Yafaa kila kipago kikatiwe nafasi katika mti, kisha kikazwe kwa waya. Kipimo cha kuisimamisha ni hiki: kwa kila futi 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe futi 1 mbali na ukuta; ikiwa ngazi yafika futi 12, mguu uwe mbali futi 3. Ikiwa wima mno, humtupa mtu nyuma. Ikilala mno, huteleza kwa chini. Kichwa chake kipite ukingo wa paa kwa futi 3, upate mahali pa kushika unapotoka na unapoingia, nacho kifungwe. Upandapo, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe vimeshika daima. Nyundo na misumari ivutwe baadaye kwa kamba na ndoo.

Lakini kilichonifanya niandike mazungumzo haya hasa ni jukwaa. Katika kijiji kimoja cha milimani, ambacho sitakitaja, fundi mmoja alikuwa akipandisha ukuta umefika juu ya lenta. Alimwambia mwenye nyumba, "Mzee, mirunda hii haitoshi. Nahitaji mingine sita, na mbao mbili." Mzee akamjibu kwa kicheko, "Mwanangu, wewe si kijana? Baba zetu walijenga bila hayo yote." Fundi akaona haya kusisitiza. Akapanga matofali juu ya pipa, akaweka ubao mmoja upande huu na mrunda upande huu, akapanda. Hata alasiri lile pipa likazama upande mmoja. Alivunjika paja. Ilikuwa majira ya kulima; mkewe alilima peke yake, na mbuzi waliuzwa mmoja mmoja kwa ajili ya dawa na nauli. Mwenye nyumba naye alitoa ng'ombe kwa aibu ya ujirani, na thamani ya ng'ombe yule ingalinunua mirunda ya kujengea nyumba nzima.

Kwa desturi, kijana wa Kikurya hufunzwa tangu jandoni asipepese jicho mbele ya maumivu. Simdharau mtu kwa ushujaa wake. Nasema tu kwamba mwashi anayedai mbao imara si mwoga, naye anayemcheka ndiye asiyeijua kazi.

Jukwaa jema lina nguzo zilizochimbiwa ardhini, au zilizokalishwa juu ya jiwe bapa au kipande cha ubao, si juu ya tofali wala pipa. Mirunda iwe imara, isiyoliwa na mchwa. Pafungwe miti ya mshazari isiachie jukwaa liyumbe, na jukwaa lote lishikizwe kwenye ukuta. Mbao zipangwe mbili au tatu bega kwa bega, mguu upate mahali pa kugeuka, nazo zifungwe. Maana ubao uliozidi sana nje ya tegemeo lake huinuka upande wa pili mtu akikanyaga nchani. Kimo cha kiuno ufungwe mti wa kuzuia mtu asirudi nyuma akaanguka. Na saidia fundi aambiwe asijaze matofali juu: matofali 50 ya kuchoma yana uzito kupita mtu mzima, na mbao hazibagui.

Nitawapa mfano wa mbali kidogo. Huko San Francisco, Marekani, walijenga daraja la Golden Gate tangu mwaka 1933 hata 1937. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, alitandaza wavu mkubwa chini ya daraja, jambo lililokuwa geni siku zile. Watu 19 walianguka wakadakwa na wavu ule. Wakajiita, kwa mzaha, Chama cha Waliofika Nusu ya Njia ya Jehanamu. Lakini tarehe 17 Februari 1937 jukwaa moja lilichomoka, likapasua wavu, na watu 10 wakafa pamoja. Wavu uliweza kumdaka mtu. Haukuweza kulidaka jukwaa lililoshikizwa vibaya.

Juu ya paa lenyewe kuna hila nyingine. Bati la asubuhi lina umande, na bati lililonyeshewa ni utelezi mtupu, ngojeni likauke. Nanyi mwajua jinsi mawingu ya kutoka ziwani yanavyokusanyika mchana. Upepo ukianza kabla ya mvua, bati moja mikononi mwa mtu huwa tanga, likamchukua. Na radi huku kwetu si ya kufanyiwa mchezo. Shukeni mapema. Mtembeapo juu ya mabati, kanyageni kwenye mstari wa misumari, kwani hapo chini yake pana papi. Katikati bati jembamba huinama, na bati la plastiki la kuingizia mwanga hupasuka mara moja. Ndala ziachwe chini, na pombe iachwe hata kesho.

Kama mwaweza, vukisheni kamba ya nailoni juu ya paa mpaka upande wa pili, ifungwe kwenye mti ulio hai na mnene. Kamba hiyo iwe fupi, kiasi cha kumzuia fundi asiufikie ukingo kabisa. Kamba ya kiunoni si ya kumdaka mtu aliyekwisha kuanguka, kwani huweza kumvunja mbavu na kumpasua ndani. Mkanda wa kudakia ni ule unaozunguka mapaja na mabega, kama wanaovaa wafanyakazi wa migodi mikubwa.

Warina asali wa Serengeti hupandisha mizinga juu kwa sababu ya nyegere, nami nawaelewa. Lakini mzinga uliotundikwa kwa waya kati ya nguzo mbili, kwa kimo cha kifua, nyegere hupata taabu kuufikia, na mtu huvuna akiwa amesimama ardhini. Na ninyi wa Nyamongo na penginepo pachimbwapo dhahabu, mtu asimamaye kwenye ukingo wa duara la futi 60 yu juu kama aliye kileleni mwa mnazi, ingawa miguu yake yakanyaga udongo. Duara lililoachwa lizungushiwe boma la miiba au lifukiwe, maana ng'ombe na mtoto hawasomi kibao.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamwagiza mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 yaweka Mfuko wa kumlipa aumiaye kazini. Lakini fundi wa kijijini aliyeitwa kwa mdomo na jirani yake, kwa kawaida hana aliyemlipia mchango katika Mfuko huo. Kwa hiyo, mnapopatana bei ya kazi, mbele ya shahidi, tajeni pia nani atanunua mirunda na mbao, na nani atalipa hospitali. Jambo hili lasemwa kabla ya tofali la kwanza.

Na kama mtu ameanguka, msimwinue kwa mikono na miguu kama gunia, wala msimketishe juu ya pikipiki kati ya watu wawili. Uti wa mgongo uliovunjika waweza kupona. Ukipindwa njiani huweza kumwacha mtu bila miguu maisha yake yote. Tazameni kwanza kama apumua. Damu ikitoka sana, kandamizeni kwa nguo safi. Mmoja apige magoti akishike kichwa kwa mikono miwili, kisigeuke. Msimpe chakula wala maji. Ng'oeni mlango kwenye bawaba zake. Watu wanne wamgeuze pamoja kama gogo, kichwa na kiwiliwili kwa wakati mmoja, mlango uingizwe chini yake. Mfungeni kwa khanga kifuani, nyongani na magotini, pande mbili za kichwa mweke nguo zilizokunjwa, kisha tafuteni gari lenye nafasi ya kulaza mlango huo, mwende naye hospitali ya Tarime au ya Mugumu, kwa mwendo wa taratibu.